Ethan ni jina zuri, ila huyo shemeji asiende komine

Dada, mpigie shemeji yako simu umwambie Jumatatu asiende komine, ile ofisi ya serikali inayoandikisha watoto. Halafu rudi usome.

Umeuliza mambo manne kuhusu jina la mtoto wako: Ethan maana yake nini, limetoka wapi, kama limezagaa mno, na kama linafaa kukaa pamoja na jina la babu mzaa mama. Kisha chini kabisa, kama mtu anayetaja mvua ya jana, ukaongeza: "shemeji ndiye atatuandikishia, ana mtu wake pale komine." Wote waliotangulia hapa wamekujibu kuhusu maana, wengine mpaka rangi ya bahati na siku ya bahati. Hakuna hata mmoja aliyeishika hiyo sentensi ya mwisho. Mimi nilipoisoma nilisimama. Nilikuwa nakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, mke wangu akadhani nimekwama mwiba, na sambaza haina mwiba wa kumkwamisha mtu.

Ya maana nayapitia mbio. Ethan ni Kiebrania, kwa asili hutamkwa Eitan: imara, kisichotikisika, cha kudumu. Neno hilohilo liko kwa Amosi 5:24, kwenye ule mto usiokauka. Katika Biblia ya Kiswahili ameandikwa Ethani. Ethani Mwezrahi ni mmoja wa wale wanne wa 1 Wafalme 4:31 waliotajwa ili watu waelewe Sulemani alikuwa na hekima kiasi gani, na Zaburi ya 89 ina jina lake juu. Kuna Ethani mwingine, Mlawi, mwimbaji aliyepiga matoazi ya shaba wakati wa Daudi, 1 Nyakati 15:19. Hao waliokuambia "zawadi ya Mungu" wamechanganya na Nathan na Mathieu. Mimi niliwaamini watu wa namna hiyo. Siku ya ubatizo nikasimama mbele ya wageni nikatangaza zawadi ya Mungu, mzee mmoja akaniuliza iko mstari gani, nikajibu Mwanzo. Nilisema Mwanzo kwa sababu ndiko ninakofikaga kila Januari.

Kuzagaa: Marekani lilikuwa la pili kwa wavulana mwaka 2009 na 2010, na Ufaransa miaka hiyohiyo lilikuwa kati ya kumi ya juu. Likatufikia kwa televisheni na kwa mabinamu wa Ubelgiji. Wetu alikuwa wa kwanza kwenye avenyu. Leo nikiita getini wanageuka vichwa vitatu. Si hoja.

Sasa tuje kwa "mtu wake pale". Nami nilikuwa na mtu wangu pale.

Mwanangu alizaliwa Machi 2011, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa nafanya biashara ya vipuri vya pikipiki, wiki Bukavu wiki Uvira. Mke wangu anatoka maternite, wodi ya wazazi, mimi niko Uvira nabishana na mtu juu ya mnyororo. Karatasi za mtoto nani atazishughulikia? Jirani akanipa namba ya komisionere, wale wanaokaa nje ya geti la ofisi na kimeza, kalamu tatu mfukoni na mwavuli wa kampuni ya simu. "Huyu anaingia mpaka ndani," jirani akasema. Nikampigia. Sauti ya asali, dada. "Papa, wewe tulia huko. Nitumie karatasi ya maternite na dola kumi na tano. Kesho akte ya kuzaliwa iko nyumbani kwako." Dola kumi na tano kwa jambo ambalo ukienda ndani ya siku 90 sheria haikudai kitu! Sikulijua hilo. Na ningelijua, labda ningemlipa vilevile, kwa uvivu ule wa mwanaume anayejiita mtu wa shughuli nyingi.

Jina nikampa kwa simu. Nikasema Ethan. Akasema Etani? Nikasema ndiyo, Ethan, yule wa Biblia. Akasema naandika, Papa. Postnom, lile jina la kienyeji? Mugisho. Naandika, Papa.

Hakuandika. Alikwenda akaimba dirishani, na karani wa ndani akaandika alichosikia. Alichosikia ni ÉTHANE.

Waliosoma kemia wameshaanza kucheka. Éthane kwa Kifaransa ni gesi, C2H6, ndugu yake methani. Ziwa letu Kivu lina methani huko chini, kilomita za ujazo 60 hivi, na wataalamu hawaishi kuizungumzia. Mimi yangu ilikuwa nyumbani, kilo tatu na nusu, inalia saa nane za usiku.

Na Mugisho ikawa Mugisha. Mugisho ni Mashi, lugha ya Bashi wa huku kwetu, maana yake baraka. Mugisha maana yake ni ileile, ila ni ya ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda. Herufi moja, mtoto amebadilishiwa babu. Anayeishi mji huu anajua ni maswali gani hufuata herufi kama hiyo, sina haja ya kuyaandika hapa.

Mutasema: Papa mzima, kusoma hujui? Najua. Tatizo ni kwamba akte ilikuja imekunjwa mara nne ndani ya plastiki, ikaonekana rasmi kabisa, mke wangu akaitia kwenye sanduku pamoja na karatasi ya kiwanja na picha za harusi. Nani hufungua plastiki iliyofungwa vizuri hivyo? Kanisani katekista akaandika Etan. Kwenye kadi ya chanjo wakaandika Ettan, na t mbili, sijui ya pili ilitoka wapi. Shuleni nilikwenda mwenyewe, nikaandika Ethan. Mtoto mmoja, majina manne, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaweka meza moja.

Akafika mwaka wa sita wa shule ya msingi. Direkteri akataka akte za wote watakaofanya mtihani wa serikali, kwa sababu orodha inafuata akte, haifuati buletini ya alama. Nikapeleka plastiki yangu kwa kiburi, wazazi wengine hawakuwa hata na akte. Direkteri akafungua, akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Papa Ethan, huyu Éthane Mugisha ni nani?"

"Ndiye yuleyule."

"Hapa si yuleyule." Akaigeuza karatasi nione.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma akte ya mwanangu. Miaka kumi na moja. Mwandiko mzuri, wino wa bluu, mkia wa ile e ya mwisho umezungushwa kwa madaha kama wa mwaliko wa harusi.

Nikajiambia ni jambo la kalamu: narudi komine, wanafuta herufi mbili, nanunulia watu soda. Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria uzeeni. Sheria ya Familia ya 1987, na marekebisho yake ya 2016, hairuhusu ubadili jina kwa mapenzi yako, wala tahajia yake, wala mpangilio wa sehemu zake. Ni mpaka mahakama ikubali, kwa sababu ya maana. Kwa hiyo herufi moja ya ziada inaenda mahakamani, na kule hawahesabu herufi.

Avoka, yaani wakili, dola 80. Mahakama na mihuri yake 45. Nakala ya hukumu na cheti cha kwamba hakuna aliyekata rufaa (nani angekata rufaa, gesi yenyewe?) 25. Kurudi komine waandike pembeni ya rejista 20. Fotokopi na pikipiki za kwenda na kurudi sikuhesabu. Niliacha kuhesabu kwa sababu mke wangu naye alikuwa anahesabu, kwa sauti. Na miezi mitano. Hakimu akaniuliza kwa nini nataka kurekebisha. Nikasema, "Mheshimiwa, mtoto wangu ni gesi." Karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Hakimu hakucheka.

Na hayo yote hayakuuwahi mtihani. Aliufanya akiwa Éthane, akafaulu akiwa Éthane, cheti chake cha primaire mpaka leo ni cha Éthane. Kila anapopeleka faili mahali nabana hukumu nyuma ya cheti, na kila mahali kuna mtu wa kuniuliza hii karatasi ya mahakama ni ya kesi gani, huku akimtazama kijana kama mwizi.

Nilimtafuta yule komisionere. Yuko palepale, mwavuli tu ndio mpya. Nikamwekea akte mezani. Akaitazama kwa utulivu wa mtu aliyeshakula hizo dola zamani. "Papa, mimi nilisema ulivyosema." Nilitaka kupindua kile kimeza. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kisheria ana nusu ya haki: anayekwenda kutangaza ndiye anayetia sahihi kwenye rejista. Kwa hiyo humo ndani, mbele ya taifa zima, aliyesimama kusema mwanangu amezaliwa ni yeye. Na jina lake mwenyewe ameliandika vizuri, dada. Herufi zote zimetimia.

Wala sina kisingizio, maana nyumbani kwetu ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba alibatizwa Étienne. Mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko na mkia wake wote, na baba akamwacha Étienne akachukua postnom. Ndivyo hiyo postnom ilivyoingia kwenye fomu zetu, na hata majina ya Kikristo yaliporudi baada ya 1990 yenyewe haikutoka. Cheti cha shule cha baba kina Étienne, karatasi za kazi hazina. Alistaafu akibeba bahasha ya kaki ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Nimekua naiona bahasha hiyo kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilidhani ni mambo ya Mobutu, yameisha.

Kwa hiyo nina kanuni moja tu na nitairudia mpaka msimamizi anifungie: nenda mwenyewe, au aende baba wa mtoto. Mkononi shika karatasi mliyoandika jina kwa herufi kubwa, E-T-H-A-N, bila e nyuma, bila alama juu ya E. Usilitamke. Wakikuuliza mtoto anaitwa nani, nyamaza, sukuma karatasi. Halafu kabla ya kutia sahihi omba usome kwenye rejista kubwa, ile yenyewe, si nakala, kidole kikifuata herufi. Karani atakunja uso. Akunje. Nyuma yako watu watanung'unika kwamba mama huyu anajidai msomi. Wanung'unike, wao mahakamani hawatakusindikiza.

Na kama upande wa baba ni Bashi, angalia jina la Mashi mara mbili zaidi kuliko hilo la Kizungu. Murhula ina rh, na kila karani ana maoni yake juu ya hiyo h. Cirhuza mmoja anaanza na C, mwingine na Ch, mwingine na Tsh kama Mkasai. Tazameni akte ya baba ilivyoandika, mfuate hiyo hata kama babu kijijini anasema imekosewa. La babu mtalizungumza Krismasi.

Aliyeandika hapo juu kwamba "wanarekebisha bure, ni dakika tano": kaka, tuambie dirisha gani, nije na plastiki yangu nikupe na pesa ya soda.

Kijana mwenyewe hana kinyongo. Yuko sekondari, wamefika kwenye kemia, na daftari lake la somo hilo ameliandika C2H6 kwenye jalada mahali pa jina. Mwalimu amemwita mara mbili. Mimi sijapata nguvu ya kumkemea.

Dada, umeshampigia?