Injini haivutwi kwa nati

Jana nimemkuta kijana chini ya Volkswagen Beetle, injini imebakiza sentimita mbili kugusana na giaboksi, naye anakaza nati za chini kwa zamu, kushoto, kulia, ati itaingia yenyewe. Nilifoka hadi spana namba 17 ikamdondokea kifuani. Samahani nimeshamwomba. Sasa nanyi wengine sikilizeni.

1. Weka pleti ya klachi katikati kabla hujakaza presha pleti, ile sahani inayoibana. Tumia shafti kuukuu ya giaboksi, maana ndiyo itakayopita katikati ya pleti. Mpini wa fagio ni wa kufagilia.

Mimi nilitumia macho. Injini ya kwanza kufunga peke yangu, nilikadiria, nikakaza bolti zote sita, nikajipongeza. Ikapanda vizuri juu ya jeki, ikakwama pengo la kidole. Nikasukuma kwa goti. Nikalala chali nikasukuma kwa miguu yote miwili. Halafu nikaona nati za chini zimeshashika, na shetani wa mafundi akaninong'oneza: kaza tu. Pengo likapungua! Nikakaza tena, nikasikia "ta", kama karanga inayobanjwa.

Nilijua. Nikanyamaza, nikamalizia kufunga, nikawasha. Klachi haiachii, gia zinasaga. Injini ikashuka tena, mwenye gari ameketi pale pale akinitazama, hasemi neno, na afadhali angenitukana. Pleti imepinda, na sikio la bloku, pale kwenye mwili wa injini panapofungwa giaboksi, lina ufa. Bloku ile ni ya magnesiamu, si kitu cha kumpelekea kila mchomeleaji. Niliilipa kidogo kidogo hadi nikaichukia rangi ya gari lile.

Ikikwama, basi, angalia pembe: uso wa injini na wa giaboksi uwe sambamba, juu na chini. Tia gia, vuta handibreki, zungusha puli ya mkanda kwa spana polepole hadi meno ya shafti yapate njia. Na usiiache injini ining'inie kwenye shafti huku ukitafuta tochi.

2. Bolti ya juu kulia inashika pia stata, ile mota ya kuwashia injini.

3. Kebo ya akseleta ipite kwenye mrija wake ndani ya kava la feni wakati injini bado inapanda.

4. Ule mpira unaozunguka mabati ya injini si urembo. Injini hii inapozwa kwa hewa. Bila mpira, feni inavuta joto la chini na kuirudishia injini yenyewe. Nimeshaikuta mipira hiyo kwenye pipa la taka, chini ya godoro la kulalia mafundi, na mmoja umefungia mfuko wa chakula. Mwenye mfuko aliniambia mpira ulikuwa umebaki.

Kijana wa jana ameniita nikaone. Imeingia kwa mkono, nati zote nne zimekazwa, mpira umekaa, anatabasamu hadi masikioni. Kebo ya akseleta inaning'inia chini ya giaboksi.