Kompaila ya Rust ikikukatalia, anza na mstari wa tatu

Mdogo wangu unayeanza lugha ya programu ya Rust hapa Mbeya, kosa litakalokusumbua mapema ni E0502: kubadilisha kitu ambacho bado kimeazimwa. Wengi wakiliona hubandika `&` (alama ya kuazima) na `'a` (alama ya muda wa kuazima) kila mahali hadi kompaila, inayokagua na kutafsiri msimbo wako, inyamaze. Usiende njia hiyo.

Chukua programu ya kupima magunia ya viazi pale Uyole. Uzito umewekwa kwenye vekta, yaani orodha inayoweza kukua:

```
let wa_kwanza = &uzito[0];
uzito.push(98.5);
println!("{}", wa_kwanza);
```

Kompaila inakataa na kukuonyesha sehemu tatu: ulipoazima, ulipobadilisha, na ulipokuja kukitumia tena ulichoazima. Macho hukimbilia `push`. Anza na ile ya tatu. Tangu toleo la Rust la 2018, kuazima kunaisha pale unapotumia mara ya mwisho, hata kama mabano hayajafungwa. Kwa hiyo ukipandisha `println!` juu ya `push`, inapita. Kama unahitaji namba tu, andika `uzito[0]` bila `&`; f64, aina ya namba zenye desimali, inanakiliwa yenyewe.

Lakini elewa kwa nini imekataa, maana hapa ndipo penye elimu yenyewe. Vekta ikijaa, `push` huomba nafasi kubwa zaidi kwenye kumbukumbu, huhamishia vitu vyote huko na kuiachia nafasi ya zamani. `wa_kwanza` ingebaki inaelekeza mahali pasipo pake tena. Kwenye C++ kosa kama hili kompaila huliachia lipite. Programu inaweza kwenda vizuri siku ya majaribio, kisha msimu wa mavuno ikamsomea mkulima uzito wa ajabu, gunia lake likiwa juu ya mizani. Ndiyo maana naipenda hii kompaila kwa dhati: ugomvi wote inaumalizia mezani kwako.

Na hiyo `'a` haiongezi uhai wa kitu chochote. Inaeleza tu nani anamtegemea nani. Ukipata E0597 au E0515, data inakufa kabla ya anayeihitaji, na hakuna `'a` ya kuifufua. Tangaza kigeu nje ya mabano, au rudisha `String`, maandishi yenyewe, badala ya `&str`, maandishi ya kuazima. Hata `clone()`, yaani kutengeneza nakala, si aibu kwa anayejifunza. Magunia mia mbili hayaichoshi kompyuta.

Bando likiisha, `rustc --explain E0502` inafanya kazi bila intaneti, na `rustup doc` inafungua maelezo ambayo kwa kawaida huja pamoja na Rust kwenye mashine yako.