Ni kweli mashabiki wa Union Berlin walitoa damu kuiokoa timu?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi msomaji wenu wa siku nyingi, niko Tanga. Juzi tuko kibanda umiza tunacheki Bundesliga, jamaa mmoja akasema hawa Union Berlin mashabiki wao waliwahi kutoa damu ili timu isife, na uwanja wameujenga wenyewe kwa mikono. Watu wakamzomea, tukawekeana kreti ya soda, mi niko upande wa wanaobisha. Tumalizieni huu ubishi. Halafu mbona zamani hii timu hatukuwahi kuisikia?

JIBU: Salama ndugu yangu, ila hela ya kreti anza kuitafuta, maana jamaa yuko sahihi kote kuwili.

Hukuisikia kwa sababu ni timu ya Berlin Mashariki, ile ya enzi za Ukuta wa Berlin uliougawa mji vipande viwili. Mizizi yake ni ya 1906 huko Oberschöneweide, mtaa wa viwanda, ndo maana mpaka leo wanaitana watu wa chuma, ila kwa jina hili la Union imeanza tarehe 20 Januari 1966. Miaka miwili tu mbele wakabeba kombe la Ujerumani Mashariki kwa kuwafunga Carl Zeiss Jena 2-1. Baada ya hapo tabu tupu, kwa sababu jirani yao BFC Dynamo alikuwa analelewa na Erich Mielke, waziri mwenye polisi wa siri, na akachukua ubingwa mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988. Basi watu wa Union ikipigwa frikiki, wachezaji wakipanga ukuta, jukwaa zima linaimba ukuta uondoke, na kila mtu pale anajua ni ukuta gani unasemwa.

Sasa damu. 2004 timu imeshuka hadi ligi ya tatu, hela hakuna, na bila dhamana ya pesa leseni ya kucheza ligi hawapewi. Kule Berlin ukienda kuchangia damu unapewa posho kidogo, kwa hiyo mashabiki wakapanga foleni, wakatolewa damu, ile posho wakaipeleka klabuni. Hawakuwa matajiri hawa jamani, ni watu wa kawaida kabisa, mtu anakunja shati anatoa mkono ili timu yake icheze msimu ujao.

Na uwanja ndo kabisa. Ule wa kwao kule Köpenick, An der Alten Försterei, ulikuwa umechoka, ngazi za kusimamia zinamomonyoka, klabu haina uwezo wa kulipa mkandarasi kazi yote. Kuanzia 2008 mashabiki zaidi ya 2,000 wakavaa helmeti, wengine likizo zao za kazini zote ziliishia pale, wakamwaga zege na kubeba vyuma, saa kama 140,000 za kazi bila mshahara, Julai 2009 wakaufungua kwa mechi na Hertha, timu nyingine ya Berlin (walifungwa 5-3 lakini nani alijali siku ile). Unaingiza watu 22,012 na wengi wao wanasimama dakika zote 90, viti ni vichache na wao ndo wanavyotaka.

Bundesliga wamepanda 2019 kwa mchujo na Stuttgart, 2-2 ugenini, 0-0 nyumbani, jumla sare, ila sheria ya mabao ya ugenini ikawabeba. Mechi ya kwanza wakala nne bila kwa Leipzig, lakini mimi kilichonikaa ni majukwaani, watu wamenyanyua juu picha kubwa za baba zao, babu zao na marafiki waliokufa kabla ya kuiona siku hiyo. Waliwaleta uwanjani nao waione timu ligi kuu. Hapo nilishindwa kuendelea kuangalia mpira, nikawa naangalia zile sura tu.

Msimu wa 2022/23 wakamaliza wa nne, wakaenda Ligi ya Mabingwa.

Mpe jamaa soda zake.