Nani humwonyesha njia mgeni wa kichuguuni?

Swali la wiki lilikuwa hivi: ndege wadogo wanaoonekana mashambani magharibi mwa Tanzania kuanzia Oktoba hivi, kisha ikifika Aprili hawapo, hutoka wapi na nani huwaonyesha njia?

Nitajibu kwa ndege mmoja tu, maana wageni wa msimu ni wengi na kila mmoja ana njia yake. Kitaalamu anaitwa Oenanthe oenanthe. Urefu wake ni kama sentimita 15 na uzito wake gramu 25 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari.

Hapa Tabora usimtafute ndani ya miombo. Yeye hupenda palipo wazi: shamba lililolimwa, nyasi zilizoungua, uwanja wa mpira, malisho yaliyoliwa na ng'ombe hadi chini. Husimama wima juu ya kichuguu au kisiki, hutikisa mkia, hushuka, hukimbia hatua chache, husimama, kisha hudonoa mende, sisimizi au kiwavi. Siku za kumbikumbi ni karamu kwake.

Wengi hukosea kwa kumfuata karibu ili wamwone vizuri. Oktoba jike na dume wote ni wa kahawia iliyofifia, na akiwa chini hana alama kubwa. Mwache aruke. Hapo juu ya mkia hufunuka weupe mkubwa, na mkia wenyewe huonyesha weusi wenye umbo la herufi T iliyopinduliwa. (Jina lake la Kiingereza, wheatear, lilianza kwa maana ya "makalio meupe". Aliyempa alikuwa na macho.) Ukiona mkanda mweusi mpana kifuani, huyo ni binamu yake Oenanthe pileata, Mwafrika halisi asiyekwenda ng'ambo. Kuelekea Machi dume wa mgeni wetu huwa amebadilika: mgongo wa kijivu, kinyago cheusi machoni. Anayemwona wakati huo hudhani ni ndege mwingine kabisa.

Kwao ni kaskazini: Ulaya, Urusi hadi ncha ya Siberia, na Alaska. Wapo pia wa Greenland na kaskazini mashariki mwa Kanada. Kaskazini ya mbali ni tundra, nchi isiyo na miti ambayo udongo wake, ukichimba kidogo tu, umeganda mwaka mzima. Kwa hiyo kiota hufichwa chini ya mawe au ndani ya shimo: kikombe cha nyasi kilichotandikwa nywele na manyoya, mayai 5 au 6 ya bluu hafifu. Jike hutamia karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine. Kiangazi cha huko ni kifupi, hivyo huzaa mara moja tu. Baridi ikirudi ghafla, wadudu hujificha na makinda hufa njaa.

Safari yenyewe ilipimwa kwa kifaa chepesi cha kurekodi mwanga, kilichofungwa mgongoni. Saa za macheo na machweo ndizo zinazoeleza ndege yuko wapi. Kina kasoro mbili: hakitumi habari, kwa hiyo lazima ndege akamatwe tena mwaka unaofuata, na karibu na Machi 21 na Septemba 23, mchana ukiwa sawa na usiku duniani kote, hakiwezi kutofautisha kaskazini na kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ndege watatu wa Alaska walipita Siberia na jangwa la Arabuni, wakafika Sudan, Uganda na Kenya: kama kilomita 14,500 kwa safari moja. Kuja kulichukua takriban miezi mitatu, kurudi siku 55 hivi. Spishi hii husambaa kusini hadi Zambia.

Sasa mwenye kuonyesha njia: hakuna. Huruka usiku, na kinda wa miezi michache hahitaji mzazi wa kumwongoza. Amezaliwa na mwelekeo na saa ya ndani inayomwambia lini aondoke, na hujisahihisha kwa nyota, machweo na usumaku wa dunia. Saa hiyo ni muhimu hasa huku kwetu, kwani Tabora mchana haubadiliki vya kutosha kumjulisha kwamba kaskazini barafu inayeyuka. Hata hivyo, upepo ukimsukuma kinda pembeni, huweza kupotea. Akikosa mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hulazimika kutua na kula siku kadhaa kabla ya jangwa.

Wa Alaska wangeweza kushuka Amerika ya Kusini, lakini babu zao waliingia Alaska kutokea Asia, na njia waliyorithi ni ya kurudi hukohuko.

Anayetaka kumfuatilia achague kichuguu kimoja. Ndege huyu hulinda eneo lake la malisho hata akiwa ugenini, kwa hiyo huonekana palepale siku baada ya siku. Andika tarehe ya kwanza kumwona, tarehe kinyago kilipoanza kutokea, na siku ya mwisho.

Msomaji, Tabora