Nyanya zinanyauka na maji zinapata: kata shina uangalie

Mkuu, umeuliza kwa nini nyanya zako huko Hombolo zinanyauka wakati unamwagilia kila siku. Kwanza, jioni zinainuka? Jua la Dodoma la mwezi wa kumi na ule upepo wake hukausha majani haraka kuliko mizizi inavyovuta maji, kwa hiyo kulegea saa nane mchana na kuinuka jioni si ugonjwa. Weka matandazo ya nyasi, basi.

Kama hata alfajiri zimelala, tena majani yangali ya kijani, nahofia mnyauko bakteria. Vijidudu vyake hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji ndani ya shina. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Majani yakianza kuwa ya njano kutoka chini na shina likawa na kahawia ndani, fikiria mnyauko fusari, ambao ni wa fangasi.

Tafadhali usimalizie hela yako duka la pembejeo: huo wa bakteria hauna dawa ya kupuliza inayouponya. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome, na maji ya mfereji yasitoke hapo kwenda kwenye mimea mizima. Msimu ujao usirudishe hapo nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo. Panda mtama au mahindi kwa misimu kadhaa.