Uliza Mwalimu wa Muziki: Kodi Moja, Majina Matatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekulia kwenye kwaya ya kanisa, ambako tulisoma solfa (do, re, mi) ubaoni na nikaimba besi kwa miaka sita. Sasa niko mwaka wa kwanza chuoni, nasomea muziki, na somo la haimoni ya kidayatoni linanishinda. Jumatatu tuliambiwa kwamba C-E-G, noti tatu zinazopigwa pamoja, ni kodi ya I. Alhamisi kodi hiyohiyo ikaitwa V, na kwenye zoezi la nyumbani ikawa IV. Isitoshe, nilikatwa alama kwa kuandika V ikifuatwa na IV, ilhali wapiga gitaa wa bendi hupiga hivyo kila siku. Nishike lipi?
Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Marahaba. Nusu ya somo hili uliijua tangu kwaya, ila hukuambiwa kwamba ndilo hilo. Kumbuka mwalimu wa kwaya alivyokuwa akisema "do ni F" kabla ya kuanza wimbo: hapo C ilikuwa so. Wimbo uliofuata akisema "do ni G", C ileile ikawa fa, na hakuna mwanakwaya aliyelalamika. Namba za Kirumi huzifanyia kodi kazi hiyohiyo. I hujengwa juu ya do, IV juu ya fa na V juu ya so, popote do ilipo. Kwa hiyo C-E-G ni I katika ufunguo wa C, ni V katika ufunguo wa F, na ni IV katika ufunguo wa G. Sauti zake ni zilezile, ila imehamia nyumba nyingine. (Nazungumzia kodi ya kinanda, si ya mwenye nyumba.)

Haimoni huitwa ya kidayatoni kwa sababu noti zake zote hutoka kwenye skeli, yaani ngazi ya noti saba za do hadi ti, ya ufunguo husika. Kutoka do hadi mi ni nusutoni (hatua ndogo kabisa za kinanda) 4, na kutoka mi hadi so ni 3. Hiyo ni meja, na ndivyo zilivyo fa-la-do na so-ti-re. Katika re-fa-la, mi-so-ti na la-do-mi hesabu hugeuka, 3 chini na 4 juu, nazo ni maina, na namba zake huandikwa kwa herufi ndogo: ii, iii na vi. Ti-re-fa peke yake ina 3 na 3, ndiyo maana namba yake huwekewa kiduara.

Kuhusu V na IV, imba na wenzako so-ti-re, ongezeni fa juu yake, kisha nyamazeni ghafla. Mtasikia ti ikitaka kupanda do na fa ikitaka kushuka mi, na hizo do na mi zimo ndani ya I. Ukienda IV, fa inabaki palepale na mvutano unaachwa hewani, jambo ambalo watunzi wa Ulaya wa karne ya 18, ambao kanuni za somo lako zimetokana na kazi zao, kwa kawaida walilikwepa. Rumba na benga zina sikio lake: mzunguko wa I–IV–V–IV hautafuti mwisho, unataka kuendelea kuzunguka. Hata katazo la sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa tano, kama wa do na so, ni la mtindo ule wa Ulaya, ambao unataka kila sauti iwe na njia yake. Hapo Dodoma ulipo, Wagogo huimba sambamba kwa nne na tano, na ni uimbaji mtamu kabisa. Kwenye mtihani andika kwa mtindo ulioulizwa. Lawama yangu ni kwa walimu wanaotoa katazo kabla ya kumsikilizisha mwanafunzi.

Chukua karatasi ya zamani ya solfa, uandike namba za Kirumi chini ya mstari wako wa besi. Tahadhari na mtego mmoja: besi ikiwa mi, usikimbilie kuandika iii. Tazama sauti tatu za juu. Ukikuta do na so, hiyo ni I iliyogeuzwa, yaani msingi wake, do, hauko chini. Mfaransa Jean-Philippe Rameau alilieleza jambo hilo mwaka 1722, na hadi leo linawapotezea alama waimba besi kuliko sauti nyingine yoyote, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba noti yao ndiyo msingi wa kila kodi.