Mwanangu, Kwanza Nipimie Sebule

Mwanangu Mutua,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Unauliza kama mtambo wa muziki wa shilingi 1,470,000 una thamani ya pesa hizo: spika mbili ndefu za kusimama sakafuni 900,000, amplifaya 450,000, na waya 120,000. Nitakujibu. Lakini mbona hukuandika vipimo vya sebule? Wewe ni mtoto wa fundi.

Ninavyoikumbuka hiyo nyumba yako ya Ruaka, sebule ni kama mita 4 kwa 3.5, vigae chini, mawe na plasta pande zote, na lile dirisha kubwa la upande wa barabara. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba mara mbili, upate 8, kisha ugawe 343 kwa hiyo 8: ni kama hertz 43, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde, noti ambayo chumba chenyewe huikuza. Upande wa upana, 343 kwa 7, ni hertz 49. Noti hizo mbili zimekaribiana mno, na ziko pale pale gitaa la besi linapokaa. Ukikaa katikati kabisa ya chumba karibu zitapotea. Ukiegemeza kochi ukutani zitakugonga kifua mpaka usahau kuna mwimbaji. Spika ya laki tisa haina dawa ya hilo. Huwa nasema, na najua umechoka kulisikia: chumba ndicho spika ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, fanya hivi. Spika ulizo nazo sasa zivute sentimita 60 kutoka ukutani, wala zisikae pembeni kwenye kona, maana kona huongeza besi isiyo na umbo. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila moja hadi kichwani pako. Twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zikae usawa wa masikio ukiwa umeketi. Tandika zulia zito kati yako na spika, na dirisha ulivalishe pazia nene lenye mikunjo. Halafu mwite mwenzako apitishe kioo ukutani, taratibu, wewe ukiwa umeketi mahali pako. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo, sauti inaruka kutoka hapo hapo kuja kwako. Hapo ndipo pa kuweka fremu ya mbao iliyojazwa sufi ya mwamba (rockwool) yenye unene wa sentimita 10, ukaivisha kitambaa.

Trei za mayai usibandike. Najua vijana wa studio wanazibandika. Hazizuii besi hata kidogo, hazimfichi jirani kelele, na zikishika moto ni balaa. Na hata zulia na pazia hutuliza sauti za juu tu. Besi inataka unene.

Sasa hizo waya. Waya ya shaba ya milimita za mraba 2.5, ile ya soketi inayouzwa hadweya yoyote, ina ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa kama omu 0.007 kwa mita. Mita 4 kwenda na 4 kurudi haifiki hata omu 0.06, nayo spika yako ni omu 8. Laki moja na ishirini unanunua nini hapo? Kitu kimoja tu cha kuangalia: kwangua ncha kwa wembe. Ikibaki nyekundu ni shaba. Ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake uko juu na ncha zake hulegea kwenye skrubu.

Unajua ninakoelekea. Ile Krismasi ya Buruburu, nilipouza kreti ya santuri za babu yako ili ninunue waya nyekundu, nene kama kidole gumba. Mwenye duka alisema sauti itafunguka. Na kwa wiki tatu nilisikia imefunguka! Mimi, niliyekuwa nashinda na chuma cha kuchomelea risasi mkononi. Nilimwita Mama Kioko wa nyumba ya pili aje asikie, naye akasikia pia, maana chai ilikuwa imeiva. Kisha wewe, darasa la tatu, umelala kwenye zulia, ukauliza: "Mama, huyu anayeimba amesimama wapi?"

Hakuwa amesimama popote. Nilikuwa nimeunga spika moja kinyume, nyekundu kwa nyeusi. Spika mbili zikivutana namna hiyo, moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, besi inakufa na sauti ya katikati inatapakaa kuta nzima. Nikachukua betri ya volti 1.5, nikagusisha kidogo tu, chanya kwenye nyekundu. Ya kulia ikatoa koni, ile sura yake inayotikisika, mbele, sawa. Ya kushoto ikairudisha ndani. Kugeuza waya dakika mbili, na mwimbaji akaja kusimama katikati, hapo juu ya meza ya televisheni. Ulicheka hadi ukashikwa na kwikwi. Jioni nikakwangua ile waya nyekundu kwa wembe. Nyeupe.

Baba yako hajanitajia zile santuri hata siku moja. Angenitajia ningekuwa nimeshasahau.

Basi nirudi kwako. Sitaki udhani nasema spika zote ni sawa, kwa sababu si sawa. Floyd Toole, aliyefanya utafiti huu miaka mingi kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwaketisha watu wasikilize bila kuona spika zilizo mbele yao. Watu wenye masikio mazima walikubaliana sana: walipenda spika ambayo haizidishi wala kupunguza noti yoyote. Baadaye yeye na Sean Olive wakawaonyesha watu spika zenyewe, na alama zikabadilika, ingawa sauti ilikuwa ile ile. Macho yana masikio yake. Kwa hiyo pesa ikiingia kwenye spika, naielewa kidogo. Kidogo tu, maana uzuri wa spika haupandi hatua kwa hatua na bei.

Amplifaya ndiyo inanipa shida. Spika hizo umeandika ukubwa wa sauti yake ni desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa mita moja. Wati 1 tayari inakutosha kwa kusikiliza kwa kawaida. Kila desibeli 10 za ziada zinataka wati mara 10, kwa hiyo kishindo cha ngoma cha desibeli 20 juu ya hapo kinataka wati 100. Wati 100 za kweli, zile za RMS, yaani inazotoa mfululizo, si zile elfu kumi za PMPO, namba za kutangazia biashara, zinazoandikwa kwenye maboksi ya wufa. Wati hizo hazihitaji laki nne na nusu. Ukibisha, mwombe muuzaji akuwekee yako na ya bei nafuu, zote kwenye spika zile zile. Cheza toni ya hertz 200 (mita ya bei rahisi hudanganya ikizidi 400 hivi), upime volti kwenye ncha za spika, urekebishe hadi zisipishane zaidi ya asilimia 1, kwa sababu yenye sauti kubwa zaidi kidogo huonekana bora daima. Mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona, nawe useme ni ipi inayocheza. Rudia mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kweli unasikia tofauti, na mimi nitanyamaza.

Lakini naye muuzaji anaweza kukubali? Na hata ukikosa, je? Baba yako alinunua gari lenye viti vya ngozi na halikufika Machakos haraka kuliko lile la kwanza, na sikusema neno. Mtu anaruhusiwa kupenda kitu kizito, kilichotengenezwa vizuri, chenye kitufe kinachozunguka kama siagi. Naandika hivi halafu naona tena ile kreti ikitoka mlangoni.

Kama unataka kupita barabara ya Luthuli mjini kutafuta amplifaya na spika za mtumba kutoka Uingereza, umeme wao unakubaliana na wetu wa volti 240. Amplifaya za Marekani ni volti 120 na za Japani 100, zinataka transfoma. Kwenye spika, bonyeza koni kwa vidole viwili pande zote mbili, polepole. Ikikwaruza, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda, achana nayo. Angalia sponji inayozunguka koni: ikimeguka kama keki kavu, itabidi ibadilishwe, na hiyo ni kazi ninayoweza kukufanyia mwenyewe jikoni. Amplifaya ya miaka 30 huwa na kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, zilizokauka. Utaisikia ikivuma chini chini hata sauti ikiwa sufuri. Na iwe ya laki nne au ya elfu thelathini, iweke kwenye kinga ya umeme yenye kuchelewesha dakika chache, maana stima ikirudi baada ya kupotea ndipo inaua vitu.

Unataka nikuambie nunua au usinunue. Neno liko kwenye ulimi, linaniwasha. Nimeliandika hapa na kulifuta, unaona karatasi ilivyochakaa. Mkopo wa Sacco ni wako na miaka minne ya kuulipa ni yako.

Jumapili baada ya ibada nitakuja na tepu ya kupimia, betri, na kioo cha baba yako cha kunyolea. Kochi lisogezwe kabla sijafika, mgongo wangu unaujua. Arbuni usilipe kabla ya hapo. Na huyo muuzaji mwambie leo hii azitoe waya kwenye hesabu.

Mama yako